Mzee wa Chumba cha Juu

14 Juni

Kwa mjukuu wangu, mwamuzi wa haki,

Marahaba, kwa kuwa najua umenipa shikamoo kabla hata ya kuchana bahasha. Mimi ni mzima, na meno niliyoondoka nayo ninayo yote, ingawa idadi yake si ya kujivunia. Nisalimie baba yako. Muulize kama tangu niondoke amepata kutofautiana na mtu yeyote. Nisalimie na baba yako mkubwa, Bwana Kengele, kama wanafunzi wake wanavyomwita akiwapa kisogo. Mwambie sijafa.

Kwa kuwa wewe ndiye tuliyekuchagua sote uwe mwamuzi, nayaandika masharti ya dau kama yalivyotamkwa, pasije pakazuka ubishi baadaye. Mwanangu mkubwa alisema mbele ya familia kwamba mtu aliyeteleza bafuni hafai tena kuishi peke yake, na kwamba amenitengenezea chumba cha uani nyumbani kwake, ndani ya uzio wa shule anayoiongoza. Nikajibu kwamba mtu anayeweza kuzunguka visiwa na miji ya milimani peke yake, mkoba mgongoni, anaweza pia kuoga peke yake. Tukaafikiana. Nikirudi kwa miguu yangu kabla mwaka haujaisha, nyumba yangu ni yangu na hakuna atakayeitaja tena. Mtu wa familia akinifuata kunileta, nahamia uani, na nitaamshwa na kengele ya shule hadi siku ya kuzikwa. Simu nimeiacha kwenye droo ya jikoni kwa hiari yangu, kwa sababu mtu anayepigiwa simu kila saa hajasafiri. Amefungwa kamba ndefu.

Kisiwa hiki ni kidogo kiasi kwamba barabara yake haina mwisho: ukiifuata kwa uaminifu inakurudisha ulikoanza, na mbwa walewale wanakubwekea upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Nimefikia nyumba ya wageni ya vijana, yenye vitanda vya ghorofa. Binti wa mapokezi alinitazama, akautazama mkoba wangu, akanitazama tena.

“Babu, unamsubiri nani?”

“Nasubiri ufunguo.”

“Aa! Unalala hapa? Basi kimebaki kitanda cha juu tu.”

“Binti yangu, nimekuwa karani wa mahakama maisha yangu yote. Kila siku nilikaa chini ya hakimu. Niache na mimi nikae juu mara moja.”

Kupanda nilipanda. Kushuka ni shauri jingine, nami silielezi kwa kuwa halijaulizwa.

Vijana wameshanipa jina: Mzee Mkoba. Niandikie kwa posta kuu ya kisiwa kinachofuata. Nimekuandikia anwani nyuma ya bahasha.

Babu yako


3 Julai

Babu yangu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo tena, usije ukasema ya kwanza ilikuwa ya kudhaniwa. Sisi hatujambo. Baba amekubaliana na fundi kwamba paa letu ni bovu, kisha akakubaliana na jirani kwamba ni zima, na sasa mvua ndiyo itakayotoa hukumu. Hospitali tumepata vitanda vipya vya mazoezi. Wagonjwa wangu wanavipenda mno, wanalala.

Barua yako niliisoma mbele ya wote Jumapili, baada ya chakula. Baba Mkubwa alisikiliza akiwa amesimama.

“Rudia hapo pa kitanda.”

“Nimekwisha kusoma, Baba Mkubwa.”

“Kitanda cha juu! Mtu wa umri ule! Mimi nasema kila siku, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

Watoto wakaangua kicheko, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa shule na methali hiyo huwa anaitoa kama tangazo la ofisi. Hakuona la kuchekesha. Akaniuliza kama mwandiko wako umetetemeka. Nikamwambia mwandiko wako haujatetemeka tangu enzi za kalamu za kuchovya.

Sasa mimi na wewe. Ulinifundisha nikiwa mdogo kwamba shahidi mwerevu hasemi uongo, anaruka aya. Kwa hiyo nauliza rasmi, na ujibu kwa ndiyo au hapana: ulianguka kutoka kitanda cha juu?

Mjukuu wako, mwamuzi


11 Agosti

Mwamuzi mpendwa,

Marahaba. Hapana. Niliteremka kwa haraka.

Natumaini paa limevuja kidogo tu, kiasi cha kumsaidia baba yako kuwa na msimamo. Wewe usichoke na wagonjwa wanaolala. Mgonjwa aliyelala halalamiki.

Nimevuka hadi kisiwa cha nne. Kwenye feri vijana wote walitapika, mimi sikutapika: aliyewasikiliza mawakili kwa muda ule wote, tumbo lake limezoea kuyumbishwa. Nimewashikia vichwa, nimewapa maji, nimelindishwa mikoba mpaka nikafanana na duka. Kijana mmoja mwenye ndevu changa, aliporudiwa na rangi, aliniuliza natafuta nini huku ulimwenguni. Nikamjibu kwamba sijapoteza kitu. Aliyarudia maneno hayo kwa wenzake kama hekima, na sasa naogopa hata kuomba chumvi mbele yao.

Visiwa havifanani kama watu wanavyodhani. Kimoja kina mchanga mweupe na watu wanaolala mchana; kingine kina mawe meusi, upepo usiokoma, na milango yote imepakwa rangi ileile ya kijani kwa sababu, nilivyoambiwa, siku moja meli ilileta rangi hiyo tu. Nimeogelea. Nimeungua mabega. Nimelala kwenye baraza ya posta nikingoja ifunguliwe, na karani wake akaniamsha kwa heshima aliyostahili mwenzake wa kazi.

Jambo moja sikulitarajia. Mtu anayekula peke yake huwasumbua wengine kuliko anavyojisumbua mwenyewe. Nikikaa kwenye meza ya watu wanne, mhudumu huja akaviondoa viti vitatu kimoja kimoja, kwa adabu, kama anayeondoa vyombo vya marehemu. Juzi nilimzuia.

“Viache.”

“Unawangoja wenzako, Mzee?”

“La. Napenda wawe na pa kukaa wasipokuja.”

Aliona nimeanza kuchanganyikiwa, akaniletea chai bila kunitoza.

Kesho kutwa navuka kwenda bara na kuanza miji ya milimani. Na swali moja kwako: nani anafungua madirisha ya nyumba yangu? Nyumba iliyofungwa huota ukungu, na mwenye kutaka kunihamisha asije akautumia ukungu huo kama ushahidi.

Babu yako


28 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka kati ya mgonjwa na mgonjwa, mmoja amejifungia chooni akikwepa mazoezi.

Paa limevuja juu ya kitanda cha Baba. Sasa ana msimamo, lakini Mama anaupinga, kwa hiyo hautadumu.

Kuhusu viti vitatu, sehemu hiyo niliisoma polepole, na Baba Mkubwa akatoka nje kuangalia gari lake ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Madirisha yanafunguliwa.

Huko milimani vaa soksi nzito, na ushikilie ukuta pakiwa na ukuta. Naona kutoka hapa ukiyasoma maneno hayo na kunyanyua nyusi.

Mjukuu wako


18 Septemba

Kwa mjukuu wangu mtaalamu wa viungo,

Marahaba. Natumaini mgonjwa wako ametoka chooni, na baba yako ametoka kwenye msimamo. Nimeona ulivyonijibu kuhusu madirisha. Hakimu mmoja niliyemfanyia kazi angeandika pembeni: shahidi hakusema ni nani.

Mji huu umejengwa kwa ngazi. Barabara ya basi iko chini bondeni, na kila kitu kingine kiko juu. Kati ya huku na huko hakuna njia ila ngazi za mawe, zimelainishwa na nyayo na kulowanishwa na ukungu. Nyumba yangu ya wageni iko juu kabisa, na chumba changu kiko juu ya nyumba. Asubuhi mawingu huwa chini ya dirisha, mtu angedhani amebaki kisiwani. Kisha yanapanda, yanaingia chumbani bila hodi, yanatoka. Jua likishapata nguvu fundi cherehani wa upande wa pili hufungua mlango na kugombana na mashine yake. Mchana mabati yote ya mji hutoa mvuke. Alasiri fundi hupatana na mashine. Jioni taa huwaka kuanzia bondeni kuja juu, ngazi kwa ngazi, na ya kwetu huwa ya mwisho.

Kuna jambo la kitaalamu ningependa kukuuliza kwa niaba ya mtu mwingine. Yupo katika nyumba hii mzee mmoja, mtu wa umri wangu, aliyeumia goti. Mazingira ya kuumia kwake hana haja ya kuyaeleza, isipokuwa kwamba palikuwa na kijana akishuka ngazi huku ameukumbatia ukuta, na mzee akaona vema kumwonyesha kwamba ukuta hauhitajiki. Tabibu wa zahanati alipanda kumwona. Kasema mfupa ni mzima, kano ndiyo iliyovutika, na kwamba asiziguse ngazi mpaka uvimbe upungue. Kwa sasa goti linafanana na tikiti. Mzee mwenyewe ni mkaidi, na hapendi kuwasumbua watoto wake. Ungekuwa wewe, ungemshauri nini?

Niandikie hapahapa. Nimeupenda mji huu.

Babu yako


6 Oktoba

Babu yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Mgonjwa wangu alitoka chooni akitembea vizuri kuliko alivyoingia, na nimeiandika kama mafanikio ya tiba.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mara tatu. Jumapili niliisoma mbele ya familia mara moja, ikiwa fupi zaidi. Mawingu yako yaliwafurahisha. Baba alisema angependa kwenda kuyaona, Mama akasema hapendi baridi, Baba akasema kweli, hata yeye. Baba Mkubwa ndiye aliyekunja uso.

“Mbona anatazama dirishani kutwa nzima? Mtu aliyekwenda kutembea, hatembei?”

“Anapumzika, Baba Mkubwa.”

“Anapumzika asubuhi, mchana na jioni?”

Nikajifanya nakohoa. Nimekuwa mwanafunzi wako mzuri mno, na sijui kama napaswa kukushukuru.

Sasa kuhusu huyo mzee mwenzako. Mpe pole. Mwambie mtembezi hula miguu yake, na yeye naona ameanza na goti. Mtu wa umri huo anayeshindana na kijana kwenye mawe yaliyolowa anahitaji kutibiwa kichwa kwanza, lakini kichwa si fani yangu. Basi afanye hivi. Akae kitandani, mguu wa kushoto ameunyoosha, aviringishe taulo aliweke chini ya goti la kushoto, kisha alikandamize taulo kwa nyuma ya goti, ashikilie kwa pumzi chache, aachie, arudie. Akishazoea, auinue mguu huohuo ukiwa umenyooka, aushushe taratibu. Asubuhi, mchana na jioni, bila kuruka hata siku moja. Kitambaa cha maji baridi juu ya uvimbe. Goti likipata moto, au likijifunga likakataa kukunjuka, amwite tabibu papo hapo. Hapo utani utakuwa umekwisha.

Na umkumbushe, kama ana ahadi mahali, kwamba mwaka una mwisho.

Mjukuu wako


24 Oktoba

Mwamuzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na ushauri wako umefuatwa neno kwa neno. Nakutumia taarifa.

Mguu wa kushoto wa yule mzee sasa ni mguu wa askari. Ungeweza kuupeleka gwaride peke yake. Unanyanyuka, unashikilia, unashuka kwa nidhamu. Mguu wa kulia, ambao ndio ulioumia, uko kama ulivyokuwa.

Utauliza kwa nini hakusema. Nami nilimuuliza, asubuhi moja nikinyoa ndevu. Alijibu kwamba maelekezo yalisema kushoto; kwamba kazi yake maisha yote ilikuwa kuheshimu kilichoandikwa, hata pale alipojua kuwa mwandishi amekosea; na kwamba anayesahihisha hati huwa amekiri kuwa inamhusu. Nilimwona mjinga, lakini hoja yake sikuweza kuivunja.

Aliyeivunja ni mama mwenye nyumba. Alileta chai akamkuta mzee amelala chali, anahema, mguu uko hewani.

“Mzee, si ni ule mwingine uliovimba?”

“Ndio.”

“Na unaonyanyua ni huu.”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Aliyeandika anakuona?”

“Yuko mbali.”

“Na wewe uliye karibu na mguu wako, huoni?”

Akaweka chai mezani, akaenda kumsimulia fundi cherehani. Kicheko chao kilivuka ngazi kikaingia kwa dirisha. Tangu hapo kila anayepita chini huuliza kwa sauti mguu wa kushoto umeamkaje.

Uvimbe umepungua kidogo. Mzee anafika mlangoni na kurudi. Basi linapita bondeni, analisikia likipiga honi, halimngoji. Mjukuu wangu, kuna alasiri ambapo huzitazama ngazi zile na kusema kwamba pengine chumba cha uani si kibaya sana. Kwamba mtu huizoea kengele, kama alivyozoea mengine. Nimemwambia anyamaze. Hunyamaza. Kesho yake husema tena.

Nani anafungua madirisha?

Babu yako


10 Novemba

Babu yangu,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, paa limezibwa, Baba amerudi katika hali yake ya kukubaliana.

Naanza na goti, kwa kuwa goti ni kazi na kazi haina aibu. Kosa ni langu. Goti la mzee ninalolijua mimi ni la kushoto, lile la bafuni, kwa hiyo nilimtibu mzee ninayemjua badala ya kumuuliza mzee aliyeumia. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha darasani. Basi: yote niliyoandika, mguu wa KULIA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata karani asipate pa kujificha. Baada ya wiki mbili, tabibu akiridhika, ajaribu ngazi, na fimbo mkononi. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Ukuta aushike. Ukuta umejengwa ili ushikwe.

Sasa naisoma kwa sauti aya ambayo nimekuwa nikiiruka. Umeniuliza mara mbili nani anafungua madirisha. Ni Baba Mkubwa. Kila siku akitoka shuleni hupita kwako, akafungua madirisha yote, akakaa, kisha akayafunga na kwenda kwake. Aliniomba nisikuambie, akisema utadhani anaipima nyumba. Ijumaa nilimkuta jikoni na simu yako mkononi. Ameitia chaji. Simu yake mwenyewe iko sikioni.

“Unafanya nini, Baba Mkubwa?”

“Naangalia kama bado inaita.”

“Na inaita?”

“Inaita. Haipokelewi, lakini inaita.”

Akairudisha kwenye droo. Kisha akaninyooshea mkono, kama anavyowafanyia watoto waliokamatwa na kitu darasani.

“Lete barua.”

“Ipi?”

“Zote. Pamoja na sehemu unazozimeza.”

Nilimpa, Babu. Ningeweza kukataa, sikukataa. Alizisoma wima, karibu na dirisha. Alipofika kwenye mguu wa kushoto alicheka mpaka akavua miwani. Kisha kicheko kikamwisha, miwani bado iko mkononi.

“Huyu mzee,” akasema, “ana watoto?”

“Nasikia anao.”

“Wanajua?”

“Mmoja amejua sasa hivi.”

Akaivaa miwani. Nilidhani atataja dau, au atauliza basi la milimani linaondoka saa ngapi. Badala yake akaniambia niandike, nami naandika kama alivyotamka:

“Mwamuzi amfikishie karani swali la kisheria. Shule zinafungwa wiki ya kwanza ya Desemba. Yupo mkuu wa shule mmoja, mtu asiyewahi kupanda hata kilima, ambaye amesikia sifa za miji ya milimani na anataka kwenda kuiona, peke yake, na mkoba wake. Ikitokea katika matembezi hayo akakutana na mzee anayeshuka ngazi, na wakafuatana kwa kuwa njia ni moja, je, huko ni kumfuata mtu kumleta? Karani ajibu kwa haki. Akisema ndiyo, mkuu wa shule atabaki nyumbani, kwa sababu hataki kumnyang'anya mtu nyumba yake kwa kosa la kumwogopea.”

Alisema maneno ya mwisho niyafute. Sikuyafuta.

Mjukuu wako


27 Novemba

Kwa mjukuu wangu, na kwa anayesoma akiwa nyuma ya bega lake,

Marahaba nyote wawili. Hapa mama mwenye nyumba ni mzima na ananisalimia kwa kuuliza miguu yangu mmoja mmoja, kama watoto mapacha. Fundi cherehani amenunua mashine nyingine na sasa anagombana na mbili.

Swali limepokelewa. Nimelikalia kuliko kawaida yangu, kwa kuwa mwenye maslahi haruhusiwi kuamua, na mimi maslahi ninayo: nina nyumba. Lakini mwamuzi amenitaka nijibu, na ninajibu.

Kumfuata mtu kumleta ni kazi ya anayeijua njia. Mkuu wa shule aliyetajwa haijui. Akishuka kwenye basi bondeni atakuwa amegeuzwa tumbo na zile kona, atakuwa amevaa viatu vya ofisini, kwa maana hana vingine, na akiziona ngazi atakaa chini kwanza. Mtu wa namna hiyo hawezi kumleta yeyote popote. Yeye ndiye atakayehitaji kuletwa. Kwa hiyo si kufuatwa. Ni wasafiri wawili, kila mmoja peke yake, mmoja akimfundisha mwenzake. Ila asiuguse mkoba wangu. Na tutarudi kwa kupitia kisiwa cha mawe meusi, kwa sababu nataka aione ile milango, na kwa sababu sijapata kumwona mwanangu akiwa mahali ambapo hawezi kupiga kengele. Mwaka hautakuwa umeisha.

Hiyo ndiyo sheria. Nje ya sheria, nina neno moja, na mwamuzi asilitie kwenye kumbukumbu. Tulibishana kama naweza kuishi peke yangu. Naweza. Nimethibitisha kwa bahari na kwa nchi kavu. Kama napenda, hilo halikuwa sehemu ya dau, na hakuna aliyeniuliza, nami nilishukuru kutoulizwa. Nyumba ibaki yangu. Lakini mtu akitaka kupita jioni kufungua madirisha, hata nikiwemo ndani, sitaona kama ananipimia nyumba. Viti viko vinne.

Leo nimeshuka ngazi mpaka kwa fundi cherehani na kupanda tena, fimbo mkono mmoja, ukuta mkono wa pili. Ndiyo, ukuta. Tabibu ameridhika. Kutoka kwa fundi hadi bondeni bado ni mbali.

Mwambie mwanangu akifika asimuulizie yule mzee wa chumba cha juu. Watu watamcheka, kwa kuwa mji mzima ulijua, na kwa kuwa mzee yule amehama nilipoanza kuandika aya hii. Aniulizie mimi, baba yake. Goti ni la kulia. Linauma.

Babu